Mwamvuli wa Feza na Uso wa Komisera

Lubumbashi, Shaba, majira ya mvua

Dada yangu mkubwa, Yaya Zaina,

Kabla hujasomewa mstari wa pili, waambie wote waliokaa hapo barazani wanyamaze, maana anayekuandikia leo ni mtu ambaye bila yeye serikali ya huku isingekuwa na uso. Sisemi kwa majivuno. Nasema tu, kama mtu anavyosema mvua imenyesha.

Salaam aleikum, Yaya. Goti lako linasemaje? Shemeji ameacha kukohoa? Na mpunga wa bondeni, ndege wamewaachia kitu mwaka huu? Mimi ni mzima. Moshi wa mgodi unanikuna koo asubuhi, lakini nakunywa chai ya tangawizi na unapita. Bukari, ugali wa huku, nakula, usingizi napata, isipokuwa siku hizi za mwisho, na ndiyo sababu ya barua hii. Nampa Amisi mkononi, yule mtoto wa jirani yetu anayefanya kazi kwenye treni. Mwambie akusomee yeye mwenyewe, watu wakiisha kutoka. Basi hao wa barazani wape salamu zangu, kisha wapeleke makwao.

Unajua kwamba yule Mgiriki mwenye studio aliondoka wakati mali za wageni zilipogawiwa, na mkubwa aliyepewa studio hajui hata tundu la kuingizia filamu. Kwa hiyo studio ni mimi. Mgiriki aliniachia kamera, taa za flashi na miamvuli miwili ya mwanga. Usicheke. Si ya mvua. Picha nzuri haitoki kwenye kamera, Yaya, inatoka kwenye mwamvuli, na katika mji mzima huu anayejua kuuchagua ni mimi peke yangu.

Mmoja ni mweupe, kitambaa chembamba kama sanda. Unaweka taa nyuma yake, nuru inapita katikati ya kitambaa na inamfikia mtu ikiwa imepoa, kama chai iliyomiminwa kwenye kisahani. Huo ni wa wazee na wa mama wenye makunyanzi, na rangi ya mtu unaiacha ilivyo. Wa pili ni mweusi kwa nje, ndani una feza inayong'aa kama karatasi ya pakiti ya sigara. Huo taa unaigeuza iutazame mwamvuli wenyewe, nuru inagonga ile feza na kurudi kwa mtu kwa nguvu. Siku ya kwanza nilipouwasha, jogoo wa jirani aliwika mchana kweupe, na kuku wake wakatoka bandani mara ya pili. Uliza mtu yeyote.

Sasa wateja wa hapa wanataka feza tu. Anakuja mama muuza samaki kutoka Kasomeno, mweusi na mzuri wa kupendeza, anakaa kwenye kiti na kusema, «Papa Shabani, unitoshe mweupe kwenye picha.» Namuuliza, «Mweupe mpaka wapi, mama?» Anajibu, «Mpaka mama-mukwe ashindwe kunijua!» Basi nafungua wa feza, nausogeza mbali kidogo ili nuru iwe kali, naongeza mwanga, na mama wa Kasomeno anarudi kwake na uso wa mzungu mwenye kilemba. Hiyo ndiyo heshima ninayompa mteja. Asiyeheshimiwa anapigwa na mweupe.

Hapo ndipo nilipojikwaa.

Kuna Komisera mmoja, jina lake silitii kwenye karatasi. Alitaka picha kubwa ya kutundika kule Luano, kwenye ukumbi wa uwanja wa ndege, ili wageni wakishuka wamwone kwanza yeye. Wakatafuta mpiga picha Shaba nzima, wakaishia kwangu. Alikuja na abakosti mpya, ile suti ya wakubwa isiyovaliwa na tai, na watu wake wakasimama mlangoni. Nikafungua wa feza. Ningempa nini kingine mkubwa kama yule? Nikampa heshima yote niliyonayo.

Lakini Yaya, wiki ileile alikuwa amehutubia sokoni. Alikusanya sabuni na mafuta yote ya kung'arisha ngozi, akayamwagia petroli na kuyachoma mbele ya watu, akasema anayeionea haya ngozi ya babu zake ni adui wa nchi. Nilikuwepo. Nilipiga makofi kuliko mtu yeyote, hata mwenzangu wa mbele aligeuka. Na bado mkono wangu, kwa mazoea yake, ukaenda kwenye feza.

Nilipeleka ile picha nikiimba. Siku mbili kimya. Siku ya tatu akaingia mtu wake mmoja, mwenye miwani nyeusi, ambaye hata ndani ya nyumba haivui. Akaweka picha mezani, akaigeuza.

«Huyu njo nani?»

Nikasema kwa ile heshima ya siku hizi ya kumwita mtu mwananchi, «Ni Citoyen Komisera.»

«Angalia muzuri.»

«Ni yeye, patron.»

«Miye minaona Muzungu mwenye kuvala abakosti.» Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepiga kelele. «Nani alikutuma?»

«Hakuna, patron. Ni mwamvuli.»

«Mwamvuli.»

«Ndiyo, patron. Ule pale, wenye feza.»

Akausogelea, akauzunguka pole pole, akagusa ncha yake kwa kidole. Nilidhani atauuliza kitambulisho. Kisha akanirudia, karibu sana, nikajiona mimi mwenyewe mdogo mara mbili ndani ya miwani yake.

«Kesho atarudia hapa. Ukikosa tena, hatutauliza mwamvuli. Tutakuuliza weye. Na bantu benye tunauliza kule, bote banajibu.»

Alipotoka nilikaa chini. Nilikaa nikapanga taa upya kichwani.

Nikamwita Ilunga, kinyozi wa mlango wa pili, akae kwenye kiti nimjaribie mwanga. Ni mweusi kama Komisera, na mdomo wake haupumziki. Nikakunja wa feza, nikauegemeza pembeni. Nikafungua mweupe, nikauweka juu kidogo, upande wa kushoto wake, karibu mpaka ukaelekea kumgusa sikio, maana mwamvuli ukiwa karibu nuru ni laini, ukiwa mbali inakuwa kali na kivuli kinasimama ukutani nyuma ya mtu kama mtu mwingine. Kivuli hicho sikukitaka. Chini ya mguu wa taa nikafunga kopo la mchanga ili usianguke.

Ilunga akasema, «Papa Shabani, leo unanipiga picha ya bure? Niko nakufa?»

«Kaa kimya. Uso wako unafanya kazi ya serikali.»

«Basi bambie benye serikali banilipe ndevu!»

Nilicheka naye. Tulicheka wote wawili, lakini mimi nilikuwa natazama barabarani.

Kesho yake Komisera akaja. Nilimpiga na mweupe. Wallahi, Yaya, sijawahi kupiga picha kama ile: rangi yake yote ipo, shavu limetulia, jicho la mtu mwenye nchi. Yule wa miwani alitazama namna nuru ilivyokaa usoni na kutikisa kichwa kwamba sawa. Nikavuta pumzi. Nikasema imekwisha.

Komisera hakuinuka. Akamwambia yule wa miwani, «Kaninunulie sigara.» Akatoka. «Funga mlango,» akaniambia mimi. Nikafunga. Tukabaki wawili, na feni ya dari inayolia.

Akanyoosha fimbo yake pembeni. «Ile ingine.»

«Ile ya feza, Citoyen?»

«Fungua.»

Nilifungua. Nikauweka palepale ulipokuwa mara ya kwanza. Yeye mwenyewe akapindua shingo, pole pole, kama bibi arusi, ili nuru imwingie vizuri shavuni.

«Ile picha ya kwanza ni nzuri,» akasema. «Ile ya leo ni ya bantu. Hii ni ya nyumba yangu, kule Makomeno. Haitatoka kwa nyumba.»

«Haitatoka, Citoyen.»

«Tuko babili tu, benye kujua.» Akaninyooshea fimbo. «Na miye sina kinywa.»

Hapo yule wa miwani akabisha hodi na sigara.

Picha ya bantu, yaani ya watu wote, sasa ipo Luano, kubwa kama mlango, na ndege zikitua rubani anaiona kabla ya kuiona njia. Ile nyingine niliisafisha mwenyewe, nikaifunga kwa karatasi mbili na kumpa mkononi. Kipande cha filamu nilikichoma kwenye jiko la mbabula, mkaa ukanuka mpaka jioni. Kwa hiyo kazi imekwisha, na imekwisha vizuri. Ungefikiri hivyo.

Lakini tangu juzi kuna jeep imesimama ng'ambo ya barabara, kuanzia asubuhi. Dereva anakula karanga na kutupa maganda dirishani. Haangalii studio hata mara moja. Mtu akikaa siku nzima mbele ya mlango wako bila kuuangalia, Yaya, anakuangalia. Jirani waliponiuliza niliwaambia serikali imeniwekea ulinzi kwa sababu ya cheo changu, na wengine wameamini, kwa maana sasa wanavuka barabara mapema, hawapiti mbele yangu. Wateja hawaji. Yule mama wa Kasomeno alikuwa na picha zake za kuchukua, akafika mpaka kona, akaona jeep, akarudi na beseni lake kichwani.

Kwa hiyo nimeamua kuja kupumzika. Mtu mkubwa naye hupumzika. Nitapanda treni inayofuata ya Amisi, si hii, maana kwa hii nataka barua itangulie. Amisi amesema ataniweka kwenye behewa la mizigo, karibu na breki, mahali ambapo hawaangalii karatasi. Nifagilie kile chumba cha nyuma, chenye mlango unaotokea shambani, siyo cha mbele. Usichinje kuku, usiwaite watu, na ngoma nisizisikie. Mtu akija kuuliza, hata akiwa na adabu nyingi, sema hujapata neno langu tangu mvua zianze. Hata Imamu usimwambie. Nikifika nitamwamkia mwenyewe. Na nisipofika kwa treni hiyo, subiri nyingine moja. Baada ya hiyo usimtume mtu kuja kunitafuta, hasa mwanao mkubwa, maana najua moyo wake.

Miamvuli siji nayo. Mweupe nimeuacha wazi dirishani pamoja na taa, watu wadhani ninafanya kazi. Wa feza nimeutumbukiza chooni, na sikuona uchungu wowote.

Nisalimie shemeji, mwambie yale mashati aliyoagiza yapo. Nisalimie mama yetu mdogo aliyenilea, umbusu mkono wake wa kulia. Wasalimie wapwa zangu wote, uwaambie mjomba wao alimkalisha Komisera kwenye kiti na kumwambia inua kidevu, naye akainua. Hilo ni kweli tupu. Msalimie na mwalimu wangu wa chuo kama bado anaona, mwambie herufi alizonichapia ndizo hizi.

Limebaki jambo moja dogo, na linanitia haya kukuandikia. Asubuhi ile kabla jeep haijaja nilikwenda kwa Ilunga kunyolewa kichwa. Watu walikuwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri zamu. Ilunga akaanza upande wa kulia, akasema picha ya Luano ni nzuri mno, bila shaka aliletwa fundi kutoka Kinshasa. «Hapana weye, Papa. Weye ni wa kadi za mutambulisho tu.» Wakacheka. Ningenyamaza, Yaya. Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza kutoka utosini mpaka sikioni. Nikawaambia ile ya Luano ni yangu, na nikawaambia kuna nyingine, na iko wapi, na nikawaonyesha namna alivyopindua shingo. Benchi lote likalia kwa kicheko. Mmoja tu hakucheka. Aliinuka, akasema atarudi, akatoka, na zamu yake ilikuwa karibu. Wembe wa Ilunga ukasimama. Akanifuta sabuni, akasema, «Nenda, Papa, nitamaliza kesho.» Kesho yake mlango wake ulikuwa umefungwa, na leo umefungwa, na mke wake anapita mtaani akiuliza watu, anafika kwangu, naangalia chini. Kwa hiyo ukiniona nashuka kwenye treni na kofia mpaka masikioni, usiniambie niivue mbele ya watoto. Upande wa kushoto haujanyolewa.

Mdogo wako,
Shabani