Nimekuchagulia Ile ya Kijivu

Kwako Hodan, binti yangu,

Ukifungua hiki kifurushi utakasirika. Nakujua. Utasema, "Hooyo amekosea, ameleta ile mbaya." Sikukosea, mama. Gemu ya kijivu nimekuchagulia kwa mkono wangu mwenyewe, na kabla hujaitupa chini ya kitanda, mwombe sista wa wodi akusomee barua hii mpaka mwisho.

Unakumbuka mjomba wako, Abti Yusuf, alivyorudi kutoka Arabuni na gemu mbili za mkononi, moja yako na moja ya binti yake Ifrah? "Chagueni wenyewe," alisema, "mimi sitaki kesi." Mkazigombania mpaka akaenda kuziweka zote juu ya kabati kwake. Lakini kabla ya hapo wewe ulikuwa umeshaikamata ile ya rangi, ukanikimbilia jikoni nikipika anjera. "Hooyo, angalia! Majani ya kijani!" Na hapa Garissa mvua ilikuwa imetukataa, mbuzi wanakula katoni. Tukayaangalia yale majani, vichwa vimegusana, tunacheka. Kisha ikazima. Ukaitikisa, ukaipuliza, halafu ukamlaumu Ifrah.

Wiki ile ile mkokoteni wa maji ukakupanda mguu. Sasa uko hospitali Nairobi na bibi yako, Ayeeyo, mguu umening'inizwa, na mimi niko hapa na mdogo wako ambaye hujamwona, arobaini yangu haijaisha. Ayeeyo alipiga simu dukani akasema unalia kila siku unataka kurudi. Shangazi zako wakaniambia, "Si umlete tu? Wa kuunga mifupa yuko hapa hapa." Lakini daktari alisema ukishuka kitandani kabla mfupa haujashika, utachechemea maisha yako yote. Nikawaambia, "Hodan hatoki huko." Hodan, sijawahi kuwajibu wale watu hivyo.

Juzi Ifrah akaja mwenyewe kwangu, shangazi yake, na gemu zote mbili. "Eedo, mchukulie Hodan anayotaka." Nikajua unayotaka ni ipi. Lakini nikasema ngoja nipime. Nikatia betri mpya, sita kwa ya rangi, nne kwa ya kijivu, nikakaa mkekani nacheza huku mdogo wako ananyonya. Ifrah alinicheka mpaka akalala chini. "Eedo, umekufa tena! Ruka, Eedo, ruka!"

Ya rangi nilianza nayo baada ya Adhuhuri. Alasiri haijaadhiniwa, imezima. Nikafanya kama tunavyofanya na betri za redio, nikaianika juani ipate nguvu. Ila mimi nilianika gemu nzima! Kioo kikawa cheusi kama tako la sufuria. "Eedo, umeichoma!" Tukaikimbiza kivulini, tunaipepea kama mgonjwa, ikapoa, kioo kikarudi cheupe. Alhamdulillahi. Lakini betri zilikuwa zimekufa, zimekufa.

Ya kijivu niliicheza mpaka Magharibi, jana Ifrah akaicheza asubuhi nzima, na ilikuwa bado inaimba. Abti alipokuja kumchukua Ifrah nikamhadithia. Akasema, "Hiyo ya rangi ni ng'ombe. Leo maji, kesho maji. Ya kijivu ni ngamia."

Mimi nimechunga wote wawili kabla sijapelekwa shule. Ng'ombe ni mzuri wa kuangalia, lakini kwenye njia isiyo na kisima huendi naye. Na njia yako ni ndefu, mama. Nani huko atakutafutia betri sita kila siku, Ayeeyo ambaye hajui hata duka liko upande gani? Sitaki kitu cha kukuchekesha mchana mmoja halafu kikuache unaangalia dari na kupanga kushuka.

Basi ile ya rangi nimempa Ifrah. Mkono uliniuma kumpa, kwa sababu niliona ulivyoipenda. Lakini nilimpa.

Nikasirikie, nimekubali. Kasirika ukiwa umelala. Cheza ukiwa umelala, kula ukiwa umelala, na Ayeeyo akikuonea huruma akataka kukushusha, mwambie Hooyo amekataa. Arobaini ikiisha napanda basi la kwanza na mdogo wako. Siku daktari atakaposema simama, nitakuwa mbele ya hicho kitanda, na utanijia kwa miguu yako miwili.

Mungu akulinde mpaka nifike.

Ni mimi, Hooyo wako