Namba Ulizonitumia, Wafula

Wafula kaka yangu,

Sijui barua ya kwenda kwa mtu aliyekufa huanza vipi. Hapa posta Kitale nimepokea telegramu za misiba hadi nikazizoea, lakini zote zilikuwa zinakwenda kwa walio hai. Kwa hiyo sikuulizi hujambo. Nina neno ambalo nimelikwepa miaka minane, na jana nilimwambia Mama. Subiri, nitafika huko.

Kwanza habari za nyumbani, maana ungeuliza. Mama ameacha kulima shamba la chini, magoti yamekataa. Ng'ombe wako mweusi amezaa mara tatu na bado anapiga watu teke. Mimi niko kaunta ile ile, mvi zimeanza, sijaolewa, na tafadhali usicheke.

Mama alikuwa ameapa kwamba mtoto wake hatakaribia maji makubwa, tangu mto Malakisi umchukue mjomba wetu. Ndiyo maana ukamwambia umepata ukarani bandarini Mombasa. Kumbe ulikuwa ofisa wa redio melini, na ni mimi tu niliyejua. "Nekesa, Mama asisikie, bana. Akisikia atakufa kabla yangu." Nikaapa. Kila Jumatatu telegramu yako ilinifikia kazini: NIKO SALAMA, halafu namba za mahali meli ilipokuwa saa sita mchana. Nilikuwa nafungua atlasi ya shule, naweka kidole baharini, nasema uko hapa. Bosi wangu alidhani nina mchumba baharia, nami nikamwacha aamini.

Jumatatu ile kidole changu kilikwenda mbali kusini, siyo njia uliyokuwa umeniambia. Sikushtuka. Nilidhani kapteni wenu ana mambo yake.

Jumatano asubuhi redio ya ofisini ikatangaza kwamba meli yenu imenyamaza, na ndege inaitafuta upande wa kaskazini. Kaskazini, Wafula! Na karatasi yako ilikuwa mkobani mwangu. Mzee mmoja kutoka Kachibora alikuwa ananidai stempu na mimi namtazama tu. Simu ilikuwa hatua nne kutoka kwangu. Lakini nikisema wataniuliza jina, jina litasomwa redioni, na Mama hakosi taarifa ya saa saba. Nikajiambia wakubwa wa bahari wana mashine zao, watajua. Nikajiambia kiapo cha posta kinakataza kutoa siri ya telegramu, kana kwamba ile ilikuwa ya mtu mwingine. Alhamisi ikawa vivyo hivyo. Mkono ulikwenda kwenye simu ukarudi, ukaenda ukarudi. Nikarudi kugonga mihuri.

Ijumaa asubuhi nikapiga Mombasa. Aliyepokea alisema tu, "Dada, rudia hizo namba pole pole." Jumamosi waliona boti la mpira, na ndani yake watu watatu wako hai. Hao watatu walisema wewe ulikufa Ijumaa alfajiri, kwa kiu na jeraha la kichwa, wakakuombea wakakuweka majini.

Ijumaa, kaka. Alfajiri.

Nyumbani Sirisia tulizika mgomba badala ya mwili wako. Wazee waliukata kwa urefu wako, wakaufunga blanketi, wakaulaza kwenye sanduku kama mtu. Hata hapo wajomba walibishana, ati wewe ulikuwa mrefu kuliko huo, ukatafutwa mwingine. Nililia kuliko wote, watu wakasema, huyu alimpenda kaka yake. Laiti wangejua.

Baadaye nikasikia jambo lililonitia hasira hadi leo. Telegramu yako ilipitia kituo cha redio cha nchi nyingine. Namba zile zile walikuwa nazo, wameziandika vizuri kitabuni, na walisikia kwamba mnatafutwa. Hawakumwambia mtu, kwa sababu hakuna mkubwa aliyewaandikia rasmi, na mambo ya meli ni siri. Niliwalaani kwa majina ambayo mwanakwaya hapaswi kuyajua. Nilipochoka kulaani nikaona nawalaani watu walionyamaza kama mimi.

Sasa wiki iliyopita yule yule aliyepokea simu yangu Mombasa alinipigia. Nchi kadhaa zinakutana huko. Wanataka kituo chochote kinachojua meli ilipo kiwaambie wenzake siku hiyo hiyo, ili ikipotea itafutwe pale ilipokuwa mara ya mwisho. Baadhi hawataki. Wengine wanasema sawa, lakini kwanza ziandikwe barua, zigongwe mihuri. Akaniomba niende niongee. "Wewe waeleze tu jinsi ulivyopiga simu tukaokoa watu watatu." Ananiona shujaa, mtu huyu! Kwenda na uongo huo siwezi, na kusema ukweli mbele ya wageni kabla Mama hajausikia pia siwezi.

Kwa hiyo jana nilipitia Bungoma nikaenda nyumbani. Nilimkuta anapepeta maharagwe. Nilipiga magoti nikamwambia yote: atlasi, karatasi, simu, siku zile mbili. Akaendelea kupepeta mpaka nikadhani hajanisikia. Halafu akaweka ungo chini.

"Mimi nilijua yuko majini," akasema. "Krismasi ya mwisho alipokuja, alisinzia hapa kwa kiti mchana, mikono imeshika mbao ati asianguke. Karani gani anasinzia hivyo? Nilinyamaza ndio nyinyi msione naogopa."

Nikamwomba msamaha. Akanikatiza.

"Redio iliposema meli imepotea, nilikaa hapa mlangoni siku mbili, naangalia njia. Nilikuwa nangoja wewe uje uniambie kama ni yake. Si ungekuja tu, Nekesa? Ningekupeleka kwa simu mimi mwenyewe."

Siku mbili, Wafula. Mimi Kitale namficha, yeye Sirisia ananingoja, na wewe uko hai.

Hajanisamehe. Alinipa chai, akanisindikiza hadi barabarani, lakini mkono hakunipa. Nawe sijui kama huko mnasamehe. Nikidai nimejisamehe nitakuwa nakudanganya, na uongo nimeuchoka.

Jumatatu nakwenda Mombasa. Watakapoanza habari za barua na mihuri nitasimama, na unajua nikisimama huwa siketi upesi. Nitawaambia kaka yangu alikuwa hai Jumatano, alikuwa hai Alhamisi, na siku zote hizo namba zake zilikuwa zimelala mahali pawili, kwao na kwangu.

Kwaheri, Wafula. Nakuahidi sitataja wale watatu waliopona kabla sijakutaja wewe.

Nekesa, dada yako