Reli Inayong'aa

Corby Flat,
Jumapili jioni, mwezi wa sita

Dada yangu mpenzi Raelene,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini wewe, shemeji Colin na watoto mu wazima, na kwamba joto la Darwin halijawakausha. Sisi hatujambo, ukiondoa goti langu, ambalo halikuwahi kuwa na adabu. Usishangae kuniona nimeshika kalamu badala ya kukupigia simu. Kwenye simu utaniuliza swali moja tu, nitaanza kulia, na hutapata habari yoyote. Kwa kweli hata mimi mambo haya siyaelewi vizuri, na naandika nikitumaini nitayaelewa njiani.

Mama anakula na analala, ila jina langu limeshamtoka. Ananiita "binti" kama anavyowaita wahudumu wote wa nyumba ya wazee kule Harrow. Daktari alinikalisha chini mwezi uliopita akaniambia moyo wake umechoka sana, na kwamba asingetegemea kumwona akifika Krismasi. Nilikuficha hilo. Nisamehe, sikujua niliseme vipi.

Sasa nije kwenye mambo ya njia. Unajua nimekuwa katibu wa kamati miaka sita, na unajua mji wetu ulipofikia: duka la mikate limefungwa, na Gwenda, mwenyekiti wetu, ameupaka rangi mgahawa wake akisubiri wageni ambao hawajaja. Mpango ni kuing'oa ile reli ya zamani, ambayo treni ya mwisho ilipita juu yake wewe na mimi tukiwa wasichana, na mahali pake kuweka njia ya baiskeli na ya waenda kwa miguu kutoka hapa mpaka Harrow. Kilichobaki kilikuwa tathmini ya mazingira. Halmashauri ikiikubali, reli zinang'olewa mwezi wa nane.

Mpinzani wetu mkubwa, kama ulivyokisia, ni Baba. Kwenye mkutano wa ukumbini alisimama akasema ameijenga na kuitunza reli ile kwa mikono yake, na hataki kuona wanaume wazima waliojibana kwenye vikaptula kama soseji wakiwatia kiwewe kondoo wa watu. Watu wakacheka. Mtu mmoja akamtania kwamba labda anaona wivu kwa sababu hana miguu ya kuvalia kaptula. Baba hakucheka. Alinigeukia mimi, mbele ya watu wote, akasema kikulacho ki nguoni mwako, akatoka. Niliumia, dada. Nilimwona mzee mkaidi asiyetaka mji upone.

Halmashauri ikamleta mtaalamu wa mazingira, binti mmoja mchangamfu aitwaye Tamsin. Alitembea kwenye njia yote ya reli, akasikiliza popo kwenye makalvati, akafunga kamera kwenye miti ili zipige picha kila mnyama anayepita. Siku moja akaja nyumbani, akanywa chai, akaniuliza kwa upole kama kuna treni inayopita hapa. Nikamwambia ya mwisho ilipita kabla yeye hajazaliwa. Akasema basi ameshindwa kuelewa, kwa sababu kuanzia nyuma ya shamba la Baba mpaka Harrow magugu yamekatwa, na reli zinang'aa. Kwingine kote zimeliwa na kutu. Pale zinang'aa kama kijiko.

Kisha akanionyesha picha moja, akisema kazi yake ni wanyama, na picha za watu anatakiwa azifute, ila hii alishindwa kuifuta kabla hajaniuliza. Ni Baba. Amevaa ile kofia yake ya reli, amekaa wima kama bwana harusi juu ya kiberenge cha mkono, kama kile alichokuwa akirudia nyumbani enzi za kazi, ameshika mpini, anakwenda zake.

Kumbe lile banda la kuku alilokuwa akiligongagonga ghalani mwaka mzima halikuwa banda la kuku. Na mimi nilikuwa nimeshamnunulia kuku.

Tamsin akaniuliza kama aandike kwenye tathmini kwamba reli bado inatumika. Nikamwambia sijui. Ni kweli, sikujua. Nilifikiri Baba naye akili zimeanza kumhama. Tangu wamnyang'anye leseni kwa sababu ya macho, mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka kwa Mama kila Jumapili, na miezi mingi sasa amekuwa akikataa, akisema nisipoteze mafuta. Nilidhani amechoka kuumizwa. Tulikuwa tukiingia kwa mlango wa mbele, Mama anampa mkono kwa heshima, anamwambia, kama kwa mchuuzi, hahitaji bima, asante. Ungeona uso wa Baba.

Basi Alhamisi moja mchana nilikwenda ghalani, nikamkuta anatia mafuta magurudumu. Aliniangalia akasema, haya katibu, kaite polisi. Nikamwambia asogee. Nikapanda, nikashika mpini upande wa pili. Kazi ya mpini ule si mchezo, dada, na yeye na umri wake hakuhema hata kidogo, akanicheka njia nzima kwamba miaka ya ofisini imeniharibu.

Sasa nakuomba ukae, kama umesimama.

Ua wa nyuma wa nyumba ya wazee umepakana na reli. Sikuwahi kulifikiria hilo, kwa kuwa tumezoea kuegesha gari mbele. Tulipokata kona nilimwona Mama amesimama kwenye uzio, ana kikombe mkononi, na Sefina, muuguzi mmoja kutoka visiwa vya Tonga, yuko nyuma yake na shali. Baba akafunga breki. Mama akamtazama, akasema, "Umechelewa, Merv. Chai imeshapoa." Baba akajibu kwamba ng'ombe wa Hickey walikuwa wamelala tena kwenye reli. Mama akawatukana ng'ombe na akamtukana Hickey, ambaye tulimzika zamani, halafu akamfuta Baba vumbi usoni kwa kiganja chake, palepale juu ya uzio. Raelene, alimwita jina. Alimwita Merv. Nilishika mpini ule nikalia.

Mama akaniona, akauliza huyu naye ni nani. Baba akamwambia ni mfanyakazi mpya, hafai sana lakini anajitahidi. Mama akanipa biskuti, akaniambia nivae glavu, mikono yangu bado laini. Baadaye Sefina alininong'oneza kwamba kwa mlango wa mbele huja wageni, lakini kwa reli huja mume wake. Sefina humtoa Mama nje kila Jumanne na Alhamisi, na hajamwambia mtu.

Ninalokuambia sasa halijui hata Gwenda. Siku ya mwisho ya wananchi kutoa maoni niliiandikia halmashauri, nikiomba jina langu lisitangazwe, kwamba tathmini imefanywa majira ya baridi yakiingia, wakati okidi za porini zimelala ardhini na hakuna anayeweza kuziona, kwa hiyo haina budi kurudiwa zikichanua. Ni kweli tupu, Tamsin mwenyewe amekiri. Lakini sikuwa nikifikiria maua. Wamekubali. Reli hazitaguswa mpaka mwakani.

Fedha za serikali za kujengea njia huenda zikapelekwa mji mwingine, na Gwenda na mgahawa wake watabaki wanatazamana. Anaamini ni Baba aliyeandika, na hamsalimii tena. Baba hajakana. Jana tukinywa chai aliniangalia kwa muda mrefu, akanisogezea jamu. Sijui kama nimeuokoa moyo wa mtu mmoja au nimeuua mji mzima. Kila asubuhi naamka na jibu, na kufika mchana limeshageuka.

Njoo, dada. Usingoje likizo ya watoto. Na usiende Harrow moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, kwa sababu mlangoni utakuwa mgeni kama mimi nilivyokuwa. Pitia nyumbani kwanza. Kwenye kiberenge kuna nafasi ya mtu wa tatu.

Msalimie shemeji, wabusu watoto. Baba naye anakusalimu, na anasema uje na kofia, maana Mama hampi chai mfanyakazi aliye kichwa wazi.

Mdogo wako akupendaye,
Leonie