Mianzi Niliyoiogesha Mtoni

Mtani wangu Zuhura,

Umeshindwa. Naanza na hilo kabla hata ya salamu, maana nakujua, nikikupa nafasi utanitangulia kusema. Umeshindwa wewe na Wayao wako wote wa Nakapanya. Mwanao Mwanahawa ameolewa Jumamosi iliyopita hapa hapa uani, kati ya nyumba yako na yangu, chini ya banda nililolijenga kwa mikono hii uliyosema inajua kusonga ugali tu. Mvua imenyesha, tena ile ya kwanza, yenye hasira. Banda limesimama. Wewe cheka tu huko uliko, lakini limesimama.

Unakumbuka lilivyoanza? Mwanahawa alituonyesha kwenye simu picha za nyua za watu: viti vya magogo, meza za mbao kuukuu, vibanda vya nyasi, maua kwenye vyungu vilivyovunjika. Ukasema, "Gaudensia, watu wamechanganyikiwa. Sisi tumehangaika miaka yote kuikimbia nyasi tupate bati, wao wanairudia kwa furaha!" Mimi nikasema nitajenga kama lile la kwenye picha. Wewe ukapiga kofi la paja, ukatamka maneno yako yale yale niliyoyasikia tangu ulipohamia kuwa jirani yangu: "Mngoni anajua kuvunja, kujenga hajui." Nikakujibu kwamba Myao akijenga anajenga mdomo. Tukacheka mpaka chai ikapoa.

Halafu ukaumwa.

Siku ile pale hospitali ulinishika mkono, mkono wako umekuwa mwepesi kama ganda la karanga, ukaniambia Mwanahawa aolewe hapa Songea, uani kwetu, alipokulia. Si Nakapanya, si ukumbini. Nikakuahidi. Nikakuahidi na banda pia. Ndipo uliposema, "Basi mianzi usikate masika. Ngoja ikomae, ukate kiangazi, uilaze mtoni mwezi mzima, ndipo ujenge."

Zuhura, nisamehe. Nilidhani unanitania. Ungekuwa mtu mwingine ningekusikiliza, lakini wewe? Wewe uliyeniambia kwamba jogoo akinyweshwa togwa atawika kwa Kiyao? Nilijua tu unataka Songea nzima ione Mngoni anabeba mianzi mtoni kama anapeleka watoto kuoga. Nikakwambia, "Siogeshi mti mimi," ukacheka, ukakohoa, ukalala. Sikujua kwamba pale ulikuwa unasema kweli.

Mianzi nilikata masika ile ile, mibichi, imejaa maji matamu. Niliona aibu kungoja, nilitaka ulione banda kabla hujaondoka. Hukuliona. Uliondoka mahindi yakianza kukauka shambani.

Na kuna jambo jingine linanikereketa, bora nilitoe. Msibani kwako watu walinisubiri. Mtani akifiwa na mtani wake ana kazi yake, unaijua: azuie njia, aigize sauti ya marehemu, awachekeshe wafiwa mpaka wasahau kulia. Dada yako Bi Somoe alinitazama kama anayesema, haya, anza. Nikafungua mdomo, hakuna kitu kilichotoka. Nilikaa juu ya mkeka nikalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Mtani gani huyo? Wayao wako waliondoka wakinong'ona kwamba Mngoni wa Zuhura hana hata neno moja.

Arobaini yako ilifika, banda lipo. Nililiona zuri, haki ya Mungu. Wageni wakaketi chini yake kunywa chai baada ya dua. Kaka yako Athumani akainua kikombe, akakitazama ndani, akakishusha. Unga. Unga mweupe laini unadondoka kutoka juu, kwenye chai, kwenye vitumbua, kwenye kofia za masheikh. Bungua, Zuhura! Wale wadudu wanaokula mti kwa ndani walikuwa wameshaifanya mianzi yangu chakula. Nilisikia wanavyotafuna, kri, kri, kri, na masheikh wanapangusa kofia. Kabla wiki haijaisha boriti ya katikati ikavunjika, upande mzima ukalala juu ya mbaazi zangu.

Athumani hakunitukana, angenitukana ingekuwa afadhali. Alisema kwa upole kwamba yeye ndiye mjomba, harusi ya mtoto wa dada yake haiwezi kufanyika chini ya kitu kinachodondosha unga. Mvua za kwanza zikikaribia atakuja aangalie. Kama hakuna mahali imara pa kuketisha wageni, Mwanahawa ataolewa Nakapanya na mambo yaishe. Mwanahawa alilia chumbani kwako siku mbili. Hakunilaumu, lakini nilimsikia.

Hapo ndipo nilipokaa juu ya yale mabaki nikakumbuka mdomo wako: uilaze mtoni mwezi mzima. Nikapasua mwanzi mmoja kwa panga. Ndani umejaa vijitobo, na pale palipobaki pazima, nilipopalamba, palikuwa patamu. Nikaelewa. Ule utamu ndio wanaoufuata, na maji ya mto ndiyo yanayouondoa. Nilikutukana kwa sauti, Zuhura, pale pale uani, nikakuita majina yote. Kisha nikainuka nikatafuta panga kubwa.

Nilikwenda kijijini Mpitimbi kwa binamu yangu, ana mianzi mingi bondeni. Kiangazi kilikuwa kimekolea. Nilichagua ile mizee, yenye madoa, ukiigonga inaitika. Nikaileta, nikaibeba mabegani mpaka mtoni, safari sijui ngapi. Na wale wanawake wanaofua pale, unawajua midomo yao! "Mama Gauda leo unaogesha mianzi? Sabuni umekuja nayo?" Kila siku. Mmoja akanipa dodoki. Nikalipokea, nikaisugua mianzi mbele yao, nikawaambia huyu hapa ndiye mkwe wa Kiyao, lazima atakate. Walicheka wakakaa chini. Na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu uondoke. Nikaigandamiza kwa mawe, nikaiacha mwezi mzima na siku tatu zaidi, zile tatu kwa ubishi wangu.

Ilipotoka mtoni ilinuka, tusidanganyane. Niliisimamisha kivulini ikauke taratibu. Nguzo nilitumia mkaratusi, nikazichoma miguu motoni mpaka zikawa nyeusi, nikazipaka oili chafu ya gereji ili mchwa wakasirike. Misumari niliacha, maana mwanzi ukiugonga msumari unapasuka. Nilitoboa kwa nondo iliyowiva motoni nikafunga kwa kamba. Nyasi nilianza kuezeka chini kwenda juu. Jirani mmoja mwanaume alisimama akasema mwanamke hapandi paa. Nikamwambia ashike ngazi basi, akaishika mpaka jioni. Mtakatifu Yosefu naye nilimsumbua sana, maana ni fundi mwenzetu.

Vingine vyote nimevitoa kwako. Ule mlango wa jiko lako la zamani, wenye alama ya kisu ulipokuwa unakatia vitunguu kwa uvivu, nimeulaza juu ya magogo mawili, sasa ni meza. Chungu chako cha pilau kilichopasuka nimekipanda mrehani. Magurudumu ya baiskeli ya marehemu mumeo nimeyafunga ukutani, maboga yanapanda. Njia ya kutoka mlangoni kwako hadi kwangu nimeitandika mawe ya mtoni, yale yale yaliyogandamiza mianzi. Tulikuwa tunapita pale na matope miaka yote, wavivu sisi.

Athumani alikuja kama alivyosema. Akatazama juu muda mrefu. Akaweka sikio kwenye nguzo. Kimya. Akaomba chai, akaiweka chini ya boriti ya katikati, akaiacha pale ipoe kabisa huku tukizungumza habari za korosho. Kisha akachungulia kikombe, akainywa yote, baridi vile vile. Akasema harusi ni hapa.

Siku yenyewe, Zuhura, laiti ungeona! Bwana harusi na watu wake kutoka Namtumbo, Wayao wako kutoka Nakapanya basi zima, Wangoni wangu na kwaya ya jumuiya waliokuja kula pilau. Ndoa imeshafungwa, sahani ndiyo kwanza zinatoka, mbingu ikafunguka. Mvua ya upepo. Watu wote wakatazama juu, na mimi nikatazama chini, sikuweza.

Hakuna tone. Hata moja!

Ndipo dada yako Bi Somoe alipoinuka. Alijifunga kanga kiunoni, akaenda kwenye nguzo ya kati, akaikumbatia kwa mikono miwili, akaanza kuitikisa kwa nguvu zake zote. Wayao wengine wakaona utani umeanza, wakarukia nguzo zote, wanavuta, wanasukuma, wengine wananing'inia kwenye boriti kama nyani. "Mngoni anajua kuvunja! Tumemletea kazi yake!" Mwanahawa anapiga kelele na shela lake, "Mama yangu, banda langu!" Lilitoa sauti kidogo, kwi, likatulia. Wakachoka wao. Bi Somoe akaiachia nguzo, anahema, akaegemeza paji la uso wake pale pale kwenye nguzo, na nikaona mabega yanatikisika. Akasema kwa sauti ya chini, "Zuhura, njoo uone. Mngoni amejenga."

Mdomo wangu ukafunguka hapo hapo. Kila neno lililonikwama msibani likatoka. Nilipanda juu ya meza, juu ya mlango wako, nikajifunga kanga yako ya zambarau, nikaigiza unavyotembea, unavyokohoa kabla ya kusema uongo, unavyoonja pilau mara saba na bado chumvi inazidi. Walicheka mpaka Athumani akavua kofia ajifute macho. Mwanahawa alicheka na kulia kwa pamoja, akanishika miguu. Msiba wako, mtani, nimeumaliza siku ya harusi ya mwanao. Nimechelewa, lakini nimekuja.

Sasa nikuage, mvua imeanza tena na nataka kwenda kukaa chini ya banda langu. Nakuahidi hivi: kila kiangazi nitakata mianzi mipya, nitaipeleka mtoni, mwezi mzima, nibadilishe iliyochoka. Mwanahawa nitakwenda naye nimfundishe. Akiniuliza nani alinifundisha, nitamwambia lile neno ambalo sikukupa hata mara moja ulipokuwa hai, na wewe ulilingoja, najua ulilingoja: mama yako alikuwa anajua.

Nimeshasema. Usilizungushe huko kwa marehemu wenzako.

Pumzika, Zuhura. Chumvi ilikuwa nyingi, hilo silifuti.

Mtani wako,
Gaudensia