Kipande cha Mlango

Sahibu yangu Masudi,

Huu mwezi wa saba tangu tukuzike, na bado nikifika kona ya msikiti mguu wangu unapinda wenyewe kuelekea kwako. Juzi nilifika mpaka mlangoni, mkono nshaunyanyua nibishe hodi, ndipo nikakumbuka. Nikainama nikajifanya nnafunga kiatu. Kumbe nimevaa kandambili, bwana. Mtu aliyekuwa akipita alinitazama hivi, akaenda zake.

Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, mwandiko unaujua. Barazani wanajua kuwa niliacha skuli darasa la kumi kwa sababu mwalimu alikuwa akiniogopa. Wewe unajua kuwa ni la sita, na kwamba mwenye kuogopa alikuwa mie. Sina haja ya kukupamba huko uliko, na hata hapa nilikuwa siwezi. Mie nikianza kusimulia, jamaa wote macho kwako. Ukinyamaza, wanacheka. Ukitikisa kichwa kukubali, mara moja tu, basi, imekwisha, Nassor leo kasema kweli. Watu walikuwa wakija kukuuliza wewe bei, njia, mpaka mwezi umeandama au bado, kwa sababu Masudi hasemi uongo. Na mie, rafiki wa mtu kama huyo, nikajiona nna ukweli wa kutosha, hata nikiutumia ovyo.

Sasa nikupe habari za filamu yetu, ile ya Kihindi tuliyoionyesha sinema ujana wetu, wewe mashineni na mie kwenye baiskeli.

Tangu uondoke zimetoka nakala mbili nyingine. Ya kwanza ni sidii, filamu tatu zimebanwa ndani ya sahani moja kama dagaa, na chini ya kioo inapita namba ya simu ya duka la watu, inapita tu, mama wa watu analia na namba inamkata kidevu. Ya pili ndiyo hii wanayoisifia, jalada linang'aa, limeandikwa toleo kamili, limesafishwa. Wallahi wamelisafisha. Yule mama mfua nguo, uliyeweza kuhesabu mikunjo ya uso wake, sasa kawa kama bibi harusi. Na juu wamekata picha ili ienee kwenye televisheni za kisasa, basi watu wanatembea nusu kichwa. Nyimbo mbili hazimo. Lakini hayo yote ningeyameza. Nisichoweza kukimeza ni mwisho.

Unaujua mwisho, lakini hebu niuseme, nimekosa wa kumwambia. Mwana wa yule mama kaenda mjini kutafuta kazi. Inakuja barua kuwa kazama mtoni. Mama hakubali. Kila magharibi anawasha taa na anauacha mlango wazi, mpaka majirani wanaingia, wanaufunga kwa nguvu, wanamwambia basi, inatosha. Anakaa peke yake. Ndipo mlango unapofunguka, kijana anaingia na mkoba begani, na mama ananyanyua uso. Pale, Masudi. Ule uso. Barazani nasema nimeuona mara mia. Wewe unajua ni mara kumi na moja.

Kwenye kanda zote hizi mlango haufunguki. Tangu ile kanda ya kwanza, deki za video zilipoingia, ile iliyokuwa imerikodiwa kutoka televisheni ya Uarabuni na matangazo ya sabuni yake, mpaka hii iliyosafishwa, mlango unafungwa, taa inazimika, maandishi yanapanda. Basi. Nami kila mara nikija kwako nnafoka, unakumbuka? Nnazunguka chumba kizima. Na wewe ulikuwa ukinimiminia kahawa na kuniambia, "Wamekata, Nassor. Watu wa kanda hawana huruma." Nikatulia. Kama Masudi kasema wamekata, wamekata.

Mwenye duka la kanda kule Ng'ambo nshagombana naye mpaka akiniona mwanzo wa njia anafunga nusu mlango. Safari hii nilimrudishia toleo kamili lake mbele ya wateja. Nikamwambia mie nimewahi kulala nyumba moja na aliyepiga picha ile filamu, Bombei, naye kaniapia kuwa kijana anarudi. Yule bwana hakukasirika hata. Aliniambia kwa upole, "Ami Nassor, labda uliota." Nikamwambia nna shahidi, Masudi, mtu aliyekuwa akiiendesha mashine yenyewe. Akaniuliza, "Yuko wapi?"

Nikachukua sahani yangu nikatoka. Nilikwenda kwa miguu mpaka Mtoni bila ya kuwa na shughuli yoyote Mtoni.

Ningeliwaacha na dunia yao, lakini kuna Bi Mkubwa. Mama yangu sasa hatoki tena. Anakaa dirishani, macho yamefifia, na mwaka huu kashikilia kitu kimoja tu: "Nitafutie ile ya mlango niione mara moja nyingine." Unajua kwa nini. Kaka yangu Saidi alikwenda Uarabuni mie nna miaka kumi na saba, zikaja barua mbili, ya tatu haijaja mpaka leo. Na mie kwa mdomo wangu huu nikamwambia Bi Mkubwa itafika wiki hii, mie mwanao najuana na watu. Basi kila nikileta kanda au sahani, tunakaa baada ya alasiri, tunatazama, na majirani wakianza tu kuusogelea ule mlango, mie natoka kama nakwenda kunywa maji, nazima meinswichi ya nyumba nzima. Nasema umeme umekatika. Mara nne nimefanya hivyo. Mara ya nne jirani yetu alikuwa akisikiliza redio dirishani kwake, inaimba vizuri tu, na Bi Mkubwa akasema, "Umeme wao ni mwengine?" Nikamwambia ndiyo, wao wana waya wa serikali.

Sasa sikiliza. Bi Zuhura alipotoka eda aliniita. Akasema, "Shemeji, kuna kitu cha mume wangu, sijui nimpe nani kama si wewe." Akanitolea mkebe wa biskuti. Ndani mkanda wa filamu, kipande, pima tatu hivi, kimekunjwa vizuri ndani ya kitambaa. Nikakipeleka dirishani nikakiinua kwenye mwanga. Masudi! Mlango. Kijana na mkoba. Mama ananyanyua uso, kidogo, kidogo, kidogo, picha baada ya picha. Nilipiga ukelele ambao sitauandika hapa. Nshaanza kuvaa kandambili niende barazani, halafu dukani, halafu Bombei kama ikibidi.

Ndipo nikatazama tena. Kijana kavaa shati lililochanika mfuko. Lile shati mama analishona mwanzoni kabisa, kabla hajasafiri. Na kando ya mlango kuna mtungi mzima, na mtungi ule unavunjika katikati ya filamu, wimbo wa tatu, mie naujua wimbo ule kuliko jina langu. Ilikuwa siku yoyote tu ya mwanzo, kijana anarudi kutoka shambani. Na huku na huku kwenye ncha kuna gundi yako ya kuungia mikanda.

Nikakaa chini. Bi Zuhura akaniambia, "Ile ni siku uliyoanguka na baiskeli."

Barazani nasema siku ile nilipigwa pembe na ng'ombe aliyekata kamba, mkubwa kama gari ya shamba. Hapa nitasema kweli. Unakumbuka filamu ilikuwa moja na sinema mbili, wao wanaanza mapema, nasi tunafuata, na mie kazi yangu ni kuleta mikanda kwa baiskeli kutoka kwao kuja kwetu, mmoja mmoja, kila wakimaliza. Nilikuwa na mkanda wa mwisho. Pale Darajani watoto wa kike walikuwa wanatoka skuli, na mie nikaachia mikono yote miwili. Hakukuwa na ng'ombe, Masudi. Hata paka hakukuwa. Mkanda ulibiringika, ukafunguka barabarani, na gari la mchanga likapita juu yake. Nilikuletea mzigo wa vumbi na nyuzi. Ilikuwa onyesho la wanawake, la alasiri, ukumbi umejaa mabuibui na wote wameshaanza kupiga makofi. Hukunitukana. Ulifuta kwa shati lako, ukasema sehemu ya mwisho ndiyo iliyokufa, ukanituma maji. Niliporudi ilikuwa inakwenda. Ukaniambia, "Leo kaa uone mwisho." Wiki ya kwanza sikuwahi kuuona, maana nikishafikisha mkanda wa mwisho nalala juu ya magunia. Nikakaa. Nikaona mlango unafunguka.

Bi Zuhura alikuwemo ukumbini, wiki zote mbili. Anasema wiki ya kwanza mlango ulifungwa na haukufunguliwa, na mama yangu alibaki kitini mpaka wafagiaji wakaja, na wewe ulimwona kutoka chumba cha mashine. Wiki ya pili kijana alipoingia, Bi Mkubwa alimshika Bi Zuhura mkono, akamwambia, "Wiki iliyopita sikuona vizuri, nilikuwa nalia." Akaenda kila onyesho la wanawake mpaka filamu iliporudishwa Bara. Na kabla hujairudisha ulikikata kipande chako ukakitia mkebeni. Wewe, mtu asiyechukua hata njugu ya mwenziwe bila ya kuomba.

Kumbe hakuna aliyekata kitu, Masudi. Filamu nzima ni ile ile ya mlango uliofungwa. Yetu ndiyo iliyokuwa na kiraka, ulichokikata kwenye mkanda wa mwanzo ukakigundisha mwisho. Miaka yote hii mie nawatukana watu wa kanda, na wewe unanimiminia kahawa na kuniambia wamekata. Nimecheka peke yangu njiani, halafu nikasimama, kwa sababu nilitaka kukwambia wewe jinsi ulivyonipata, na wewe ndiye usiyekuwepo.

Jana baada ya alasiri nilikaa na Bi Mkubwa. Nikaitia sahani ile iliyosafishwa. Majirani wakaja, wakafunga mlango. Safari hii sikwenda kunywa maji. Niliizima televisheni pale pale, nikatoa kipande, nikakisimamisha kwenye mwanga wa dirisha mbele ya macho yake. Haoni, ni vipicha vidogo kama kucha. Basi nikamwambia mie. Nikaanza kwa pupa zangu, kijana huyo kaja, kafika, na Bi Mkubwa akanigusa goti. "Usimkimbize. Mwache aingie."

Nikamwacha. Nikasema mlango unasogea. Nikasema mkono, mkoba, shati limechanika mfuko. Sikumtia farasi, sikumtia dhahabu wala jeshi nyuma yake. Nikasema mama ananyanyua uso. Bi Mkubwa naye akaunyanyua wake kuelekea dirishani, akakaa hivyo muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeshika pima tatu za filamu, na nilikutafuta chumbani kwa macho, ili utikise kichwa.

Barazani wameshaniuliza tena leo habari za ule mlango, wanataka kicheko. Kipande nilikuwa nacho mfukoni. Ningekitoa wangenyamaza wote. Lakini wangeona gundi, na wangejua kuwa Masudi naye alisema uongo, miaka yote ile, machoni mwa watu. Nikakiacha mfukoni. Nikawaambia huenda niliota.

Pumzika, sahibu yangu. Mungu akuwekee mlango wazi huko. Kila Bi Mkubwa akitaka, nitamwingizia mwanawe polepole, kama ulivyomwingiza wewe, na sitaongeza kitu. Na wakiniuliza shahidi wangu nani, nitanyamaza. Muongo wa baraza ni mie peke yangu, na hivyo ndivyo itakavyobaki.

Wako,
Nassor wa baiskeli