Kadi ya Arne Niliiandika Mimi

Mpendwa Bibi Verna,

Naomba unisaidie kwenye safu yako ya ushauri gazetini, na tafadhali usinisifu kwa ujasiri wa kukuandikia, maana jasiri angekwenda kwa yule aliyemkosea. Mimi ni mwanaume wa miaka sitini na tatu, nimestaafu, nina mke mwema na afya yangu, na kwa miaka kumi na moja nimekuwa na ukurasa wangu wa maoni mtandaoni, kila Jumapili naandika juu ya wanasiasa, filamu, waimbaji wanaoachana na kurudiana, na mwishoni naweka habari za gofu yetu sisi tunaocheza kwa kupenda tu, na watu kama mia nne wa mji wetu wananisoma, wengine hunisimamisha dukani kuniambia, "Leo umewapa vidonge vyao," nami navimba kichwa.

Rafiki yangu anaitwa Arne. Tumecheza pamoja kila Jumamosi kwa miaka ishirini na nane, tangu theluji inapoyeyuka hadi inaporudi, kwenye uwanja wetu wa mashimo tisa ambao tunauzunguka mara mbili. Arne ameshinda ubingwa wa uwanja mara sita, mimi nimekuwa wa pili mara tisa, hata nilipostaafu wenzangu waliniletea keki imeandikwa "Wa Pili Daima", nikacheka nao vizuri kabisa, lakini kipande changu sikukila.

Kama hujui gofu, Bibi Verna, mchezaji haandiki mapigo yake mwenyewe, mimi naandika yako na wewe unaandika yangu, mwisho wa mchezo kila mtu anaikagua kadi yake na kutia sahihi, na aliyeiandika naye anatia, basi ikishapokelewa haibadiliki. Ukitia sahihi kadi inayoonyesha mapigo machache kuliko uliyopiga, unafutwa kwenye mashindano, hata kama hukukusudia.

Mwaka huu, wikiendi ile ya mwanzo wa Septemba, kwenye mashindano ya ubingwa, tulicheza watatu, mimi, Arne na Doreen, aliyekuwa akigawa barua hapa mjini hadi alipostaafu. Shimo la kumi na tatu Arne alipeleka mpira msituni, akaupiga ukagonga mti ukarudi ulikotoka, akaupiga tena, jumla akamaliza kwa mapigo sita. Tulipokuwa tunatoka pale tulikuwa tunabishana juu ya yule binti aliyeshinda mashindano ya kuimba kwenye televisheni.

"Yule hana sauti, ana nywele," nilisema.

"Wewe ulikuwa unamsikiliza au unamtazama?" Arne akaniuliza.

"Mzee, sauti ni sauti."

"Na kelele ni kelele. Tembea, watu wa nyuma wanatusubiri."

Katika ubishi huo nikaandika tano. Naapa hapo sikukusudia.

Lakini tulipokaa mezani kukabidhi kadi nilijumlisha upya, nikaiona ile tano, nikaukumbuka ule mti. Hata kwa sita Arne alikuwa amenishinda kwa pigo moja. Nilichotakiwa kusema ni maneno sita tu, "Arne, kumi na tatu ni sita," nami ningekuwa wa pili kwa mara ya kumi. Arne alikuwa anafuta miwani yake, akaniuliza, "Kalamu iko wapi?" nikampa kalamu na kadi, akatia sahihi bila kutazama, nami nikatia yangu. Na nilijua, hapa ndipo ninapotamani ardhi inimeze, nilijua kwamba kadi zote hubandikwa ukutani na kwamba Doreen atazisoma moja moja kama alivyokuwa akisoma kadi za posta za watu wote wa mji huu.

Haikupita robo saa. "Arne," Doreen akaita, "kumi na tatu si ulipiga sita wewe?"

Arne alihesabu kwa vidole, uso ukamshuka. "Sita," akasema. "Doreen hajakosea." Akaenda mwenyewe kwa kamati kujishtaki, akarudi kunipa mkono mbele ya watu. "Hongera, mzee. Kosa ni langu, nilitia sahihi."

Na Bibi Verna, ningeishia hapo ningekuwa mwovu wa kawaida, lakini Jumapili nilikuwa naandika juu ya afisa mmoja wa wilaya aliyetia sahihi mkataba wa barabara bila kuusoma, maneno yakanipendeza, nikaandika kwamba mtu asiyesoma anachotia sahihi haaminiki hata kwa orodha ya sokoni, nikaongeza, "Hata uwanjani kwetu tumejionea." Watu walicheka sana. Ijumaa ukumbini, watu wa mji tulipokutana kula samaki wa kukaanga kama kila wiki, mtu akampigia Arne kelele, "Hakikisha kuna samaki humo ndani kabla hujatia sahihi!" Arne akacheka, akaondoka sahani ikiwa imejaa.

Sasa yamekuwa makubwa. Arne anafundisha gofu timu ya wasichana wa sekondari, amewafundisha miaka kumi na minne bila kulipwa, tangu mkewe alipofariki ndiyo kazi inayomtoa nyumbani, na wazazi fulani wanasema aliyekabidhi kadi ya uongo hafai kuwafundisha watoto. Ijumaa hii kuna mkutano wa kuamua. Juzi Arne alinipigia simu, sauti yake ndogo, akasema, "Wewe ndiye unayejua kuandika. Niandikie barua ya kuwaomba radhi wazazi, mimi nitatia sahihi."

Nimeona aibu hata kumtazama mke wangu. Nakuuliza, je, nikimwandikia barua nzuri sana itakayowalainisha wazazi, hiyo haiwezi kuwa fidia yangu? Au nirudishe kombe la ubingwa nililopewa, kimyakimya, niseme mgongo unanisumbua? Badilisha majina tafadhali.

Bingwa Mwenye Aibu, Michigan ya Kaskazini


Ndugu Bingwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, mara ya pili nilikasirika, na jibu hili limeandikwa na wote wawili.

Ile tano uliyoiandika njiani nakusamehe, watu hukosea. Wivu nao nauelewa, hata mimi keki ile ingenikaa kooni. Ila usinieleze kwamba ulinyamaza tu, kana kwamba ulipitiwa. Ulimkabidhi kalamu! Kisha ukakaa kumsubiri Doreen akufanyie kazi uliyoshindwa kuifanya kwa mkono wako. Na mtu alipokuwa amekwisha kuanguka, ukamcheka mbele ya watu mia nne. Una maoni juu ya kila mtu duniani, bwana. Ni lini mara ya mwisho ulikuwa na maoni juu yako?

Sasa unataka kumwandikia barua nzuri. Hapana. Usiandike hata nukta. Unataka Arne aombe radhi kwa kosa lako, kwa maneno yako, na jina lake liwe chini? Tena ataitia sahihi bila kuisoma, nawe unajua. Kadi ile hakuisoma kwa sababu ilikuwa imeandikwa na wewe. Ule uliouita uzembe kwenye ukurasa wako ni imani aliyokuwa nayo kwako kwa miaka ishirini na nane. Ona haya, ndugu yangu, na uendelee kuona haya mpaka umalize nitakayokwambia.

Mimi sichezi gofu, lakini shemeji yangu amekaa kwenye kamati ya uwanja wa kwao, na nilimpigia. Anasema anayetia sahihi mapigo ya mwenzake huku akijua si ya kweli, yeye naye hufutwa, hata mashindano yakiwa yamekwisha. Kwa hiyo mgongo wako uache upumzike, hauhusiki.

Nenda kwa Arne mchana, kwa miguu yako. Usipige simu. Mwambie, "Niliona tano, nilijua ni sita, nikakupa kalamu," kisha funga mdomo. Neno "lakini" liache nyumbani. Akikufungia mlango, ni mlango wake, usigonge mara ya pili. Ukitoka hapo nenda kwa Doreen, maana maskini yule mama huenda anajiona ndiye aliyemharibia mwenzake. Kisha kamati. Ijumaa simama mbele ya wazazi hao uwaambie kwa kinywa chako, hata kama Arne atakuwa amekaa pale hataki kukutazama.

Atakusamehe? Sijui, na sitakudanganya. Huenda Jumamosi zenu zimekwisha. Utakwenda hivyo hivyo, kwa sababu huendi kuchukua msamaha, unakwenda kumrudishia mtu jina lake.

Jambo la mwisho. Majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba, ila mji wenu ni mdogo, na mtu aliyefutwa kwa shimo la kumi na tatu ni mmoja tu. Nadhani ulilijua hilo ulipoandika. Nadhani ulitaka niseme mimi ili usiseme wewe, na hilo nimelikataa. Jibu hili nimekutumia kwa barua pepe leo Jumatatu. Gazeti linatoka Alhamisi, na Arne analisoma kama wenzake wote. Una siku mbili na nusu. Usiniache mimi niwe wa kwanza kumwambia.