Kikapu Kilichorudi Kanisani

Tregarnedd, Wales
Jumatano

Mwanangu Lowri,

Hujambo? Sisi wazima, ila mvua haikatiki. Duka letu la zawadi za biashara ya haki, ile inayowalipa mafundi wa mbali bei stahiki, bado limesimama. Watu wa hapa waliahidi kununua zawadi zao kwetu, na kweli wametimiza; kila nyumba sasa ina vikapu vitatu.

Jumamosi kanisani waliuza mitumba. Nikakiona kikapu chekundu kama nilichokupa Krismasi, chenye lebo ya jina la msusi wake, Azumah. Nikakinunua. Menna, tunayeuza naye dukani, akanicheka: "We Eluned, kwani hujachoka na vikapu?" Kufika nyumbani, nikakuta ndani bahasha yangu yenye jina lako. Haijafunguliwa.

Nikamuuliza shangazi yako Nerys. "Aliniachia akienda stesheni," akasema. "Eti hana pa kukiweka. Na mimi nikiweke wapi? Nikakipeleka kanisani."

Tangu hapo sijielewi. Azumah alishalipwa jasho lake, kwa hiyo yeye hatukumdhulumu. Ila miezi minne nimenuna kwa kimya chako, nikidhani umesoma barua yangu ukakataa. Sasa sijui nikasirike kwamba ulikigawa, au nifurahi kwamba hukusoma.

Kikapu nakiwekea vitunguu. Bahasha ndiyo hii. Humo nilikuomba radhi kwa maneno yangu siku ya harusi yako. Safari hii sikuificha ndani ya zawadi.

Mama yako,
Eluned